Koipu, Panya Mkubwa wa Majini, na Mifereji Yetu ya Meru

Somo la redio kwa wanafunzi watu wazima

   Kama mmekutana wengi, mmoja asome kwa sauti na wengine wasikilize, kisha mjibizane maswali yaliyo mwisho wa somo.

Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya mnyama anayeitwa koipu. Watu wengine humwita nutria. Si mnyama wa nchi yetu, na wengi wenu hamjapata kumwona. Basi mtaniuliza: Kama si wa kwetu, yatuhusu nini? Swali hilo ni la haki, na jibu lake ni hili. Koipu alifikishwa Kenya, akatoroka, akaingia Ziwa Naivasha. Kutoka Arusha kwenda Naivasha, kwa njia ya Namanga na Nairobi, ni safari ya siku moja tu kwa gari. Tena hakufika huko kwa kuogelea kutoka ng'ambo ya bahari. Aliletwa na watu waliotaka fedha, na watu wanaotaka fedha wapo kila mahali, hata hapa kwetu. Siku moja aweza kuja mtu kwako na kukuambia, "Ndugu, nina mnyama azaaye upesi, alaye majani tu, mwenye ngozi ya thamani na nyama nzuri. Weka fedha zako, tufuge." Nataka siku hiyo uwe unajua la kumwuliza.

KOIPU NI MNYAMA GANI?

Koipu ni wa jamii ya wanyama wagugunaji, yaani wale wenye meno makali ya mbele yasiyoacha kukua, kama panya na nungunungu. Kwao ni Amerika ya Kusini, katika nchi kama Argentina, Uruguay na Chile, kando ya mito, maziwa na mabwawa yenye matete. Ndugu yake wa karibu mnayemjua ni simbilisi, yule mnyama mdogo anayefugwa sana katika mikoa ya Iringa na Njombe. Simbilisi naye asili yake ni Amerika ya Kusini.

Lakini koipu ni mkubwa kuliko simbilisi. Aliyekomaa ana uzito wa kilo 5 hadi 9. Manyoya yake ni ya rangi ya kahawia, marefu na magumu juu, na chini yake yamo manyoya mengine mafupi, laini sana, yasiyopenyeza maji. Pua yake imezungukwa na ndevu nyeupe. Mkia wake ni mrefu, wa mviringo, wenye nywele chache. Meno yake ya mbele ni ya rangi ya machungwa, kwa sababu yana madini ya chuma ndani ya ganda lake gumu.

Mwili wake umetengenezwa kwa maisha ya majini. Vidole vya miguu ya nyuma vimeunganishwa kwa ngozi, kama vya bata, isipokuwa kimoja. Midomo yake hufunga nyuma ya meno, hivyo aweza kukata mizizi chini ya maji bila ya maji kumwingia kinywani. Aweza kukaa chini ya maji kwa dakika 5 na zaidi. Na jambo la ajabu kuliko yote, chuchu za jike haziko tumboni kama za ng'ombe au mbwa. Ziko juu ubavuni, karibu na mgongo, na kwa hiyo watoto wanaweza kunyonya huku mama anaogelea.

Chakula chake ni mimea. Kwa siku moja aweza kula kiasi cha robo ya uzito wa mwili wake. Hapo nawaomba mkumbuke jambo moja. Mbuzi akila majani, shina hubaki na majani huota tena. Koipu hapendi majani tu. Hupenda shina lile la chini na mzizi. Akila mzizi, mmea umekwisha. Na mahali palipokuwa na mizizi mingi iliyoshika udongo, hubaki tope tupu linalochukuliwa na maji.

Nyumba yake huichimba katika ukingo wa mto, ziwa au mfereji. Mlango huwa karibu na usawa wa maji, na tundu laweza kuingia ndani mita kadhaa, likigawanyika huku na huku.

HESABU YA UZAZI WAKE

Sasa chukueni penseli. Koipu jike hubeba mimba kwa muda wa siku 130 hivi, na kwa kawaida huzaa watoto 4 hadi 6, ingawa wengine huzaa zaidi ya hapo. Watoto huzaliwa wakiwa na manyoya, macho yamefunguka, na baada ya muda mfupi huogelea. Mama aweza kushika mimba nyingine siku chache tu baada ya kuzaa. Na watoto wenyewe, chakula kikiwa tele, waweza kuanza kuzaa kabla hawajatimiza mwaka.

Tufanye hesabu ndogo. Mtu ana koipu wawili, dume na jike. Tuseme jike huzaa mara 2 kwa mwaka, watoto 5 kila mara. Mwisho wa mwaka wa kwanza ana watoto 10. Tuseme nusu yao, yaani 5, ni majike. Mwaka wa pili majike hao 5 kila mmoja anazaa 10, jumla 50. Mama yao naye anazaa 10. Jumlisha 50 na 10, ni 60. Ongeza wale 10 wa mwaka wa kwanza, na wazazi wawili. Kwa miaka miwili, koipu wawili wamekuwa 72.

Bila shaka si wote wanaoishi. Wengine huliwa na wanyama, wengine hufa kwa maradhi. Lakini hesabu hii yaonyesha kwa nini mfugaji hufurahi, na kwa nini mnyama huyu akiwa nje ya boma furaha hiyo hugeuka kuwa kilio.

ALITOKAJE KWAO?

Sababu ni ngozi. Yale manyoya mafupi na laini yalipendwa sana Ulaya na Marekani kwa kutengenezea makoti na kofia. Huko Amerika ya Kusini watu walimwinda koipu mpaka katika sehemu nyingi akawa adimu. Ndipo wafanyabiashara wakafikiri, "Kwa nini tusimfuge?" Katika miaka ya 1920 na 1930 mashamba ya koipu yalianzishwa katika nchi nyingi.

Uingereza walianza mwaka 1929. Mabanda hayakuwa imara, na mnyama mwenye meno ya kukata na makucha ya kuchimba hahitaji ufunguo. Wengi wakatoroka. Vita ya Pili ya Dunia ilipoanza mwaka 1939 biashara ile ilikwisha, lakini waliotoroka hawakuambiwa kwamba biashara imekwisha. Walienea katika majimbo ya mashariki, hasa Norfolk, kwenye mabwawa na mifereji mingi. Kufika miaka ya mwisho ya 1950 ilikadiriwa kuwa walikuwa wamefika 200,000. Walikula matete, walikula mazao mashambani, wakatoboa kingo za mifereji.

Serikali ya Uingereza ilifanya msako mkubwa kuanzia mwaka 1962. Majira ya baridi ya mwaka 1962 na 1963 yalikuwa makali mno, maji yaliganda, na koipu wengi wakafa kwa baridi. Watu wakadhani kazi karibu imekwisha. Kumbe wachache waliobaki walianza kuzaa tena, na katika miaka ya 1970 idadi ikapanda.

Mwaka 1981 ukaanza msako wa mwisho. Waliajiriwa wategaji 24. Hapo palikuwa na jambo la kuchekesha kidogo, lakini lina maana. Mtegaji akimaliza koipu wote, amemaliza na kazi yake mwenyewe. Nani atafanya bidii ya kujifukuza kazini? Kwa hiyo waliahidiwa zawadi kubwa ya fedha ikiwa wanyama watakwisha kabisa, na kadiri kazi itakavyokwisha mapema, ndivyo zawadi itakavyokuwa kubwa. Hata hivyo, ilikuwa mpaka mwaka 1989 ndipo ilipotangazwa kwamba koipu wamekwisha Uingereza. Hesabuni: tangu mwaka 1929 mpaka mwaka 1989 ni miaka 60. Kuwaingiza kulikuwa kazi ya wafugaji wachache. Kuwatoa kulitaka wataalamu, wategaji, mashua, mitego na fedha za serikali.

Katika jimbo la Louisiana, huko Marekani, mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Koipu waliletwa katika miaka ya 1930, nao pia wakaingia katika mabwawa ya pwani. Kwa muda mrefu watu waliwatega kwa ajili ya ngozi, na mwaka 1976 walitegwa zaidi ya milioni moja na nusu kwa msimu. Mtu angeweza kusema, "Mnaona? Mnyama huyu ana faida." Lakini katika miaka ya 1980 bei ya ngozi ikaanguka. Wategaji wakaacha kazi. Koipu wakaongezeka, wakala mizizi ya mabwawa, na nchi kavu ikageuka kuwa maji. Tangu mwaka 2002 serikali ya huko imekuwa ikiwalipa watu kwa kila mkia wa koipu unaoletwa. Ilianza kwa dola 4, baadaye ikawa dola 6. Mnyama aliyeletwa ili alete fedha amegeuka kuwa mnyama wa kulipiwa fedha ili aondoke.

KOIPU WA ZIWA NAIVASHA

Sasa turudi Afrika ya Mashariki, maana huko ndiko kwetu.

Ziwa Naivasha limo katika Bonde la Ufa, kiasi cha kilomita 90 kutoka Nairobi. Maji yake ni ya baridi, yaani si ya chumvi wala magadi, na kando yake huota mafunjo. Zamani sehemu za ziwa zenye kina kifupi zilifunikwa na mayungiyungi ya rangi ya buluu. Majani mapana ya mayungiyungi yalikuwa kivuli cha samaki wadogo, na ndege wenye vidole virefu walitembea juu yake kama mtu atembeaye juu ya mkeka.

Yapata mwaka 1950 koipu waliletwa Kenya ili wafugwe kwa ajili ya ngozi, katika nyanda za juu. Baadhi yao walitoroka. Katikati ya miaka ya 1960 wakawa wameingia ziwani Naivasha, wakazaa na kuongezeka mpaka mapema katika miaka ya 1970. Chakula walichokipenda kilikuwa kimewekwa mbele yao: shina nene la yungiyungi, lililolala katika tope chini ya maji.

Lakini ndugu zangu, mtu anayetafuta ukweli hamlaumu mshitakiwa mmoja kabla ya kuwatazama wengine. Mwaka 1970 mgeni mwingine alitiwa katika ziwa hilo. Huyu ni kamba mwekundu wa maji baridi, atokaye Louisiana, aliyeletwa kwa ajili ya biashara ya chakula. Naye hula mimea ya majini, tena hula karibu kila kitu. Kabla ya hao, katika miaka ya 1960, lilikuwa limekwisha kuingia gugu la maji linaloelea, liitwalo salvinia, linalofunika uso wa maji na kuzuia mwanga. Hata samaki waliovuliwa sana hapo, wengi wao walikuwa wa kuletwa. Basi katika miaka ya 1970 na mapema miaka ya 1980 mayungiyungi yalipotea, na mimea iliyoota chini ya maji ikapotea. Wataalamu wengine huweka lawama kubwa juu ya koipu, wengine juu ya kamba. Wote wawili walikuwamo, na wote wawili walikula.

Kufika mwishoni mwa miaka ya 1980 koipu walikuwa hawaonekani tena Naivasha. Mtu aweza kusema, "Vema, yamekwisha." Hayakukwisha. Kamba alibaki. Magugu mengine yakaja, kwa kuwa mwaka 1988 magugu maji yalionekana ziwani humo. Ziwa ni kama nyumba ambayo mlango wake umeachwa wazi. Mgeni mmoja akitoka, huna hakika kwamba nyumba imerudi kama ilivyokuwa.

KWA NINI MERU TUANGALIE ZAIDI?

Haya, sasa tutazame nyumbani. Mlima Meru ni tangi letu la maji. Mvua inyeshayo juu msituni hushuka kwa mito kama Themi, Nduruma na Usa. Wazee wetu, Waarusha na Wameru, walichimba mifereji kwa jembe na kwa jicho, bila kipimo cha chuma, wakayaongoza maji mpaka katika migomba, kahawa, maharage na mboga. Hata leo familia nyingi huishi kwa zamu ya maji. Wewe unayeisikiliza redio hii Tengeru au Poli wajua maneno yanayotokea zamu ikivurugika.

Kingo za mifereji hiyo nyingi ni za udongo, zikishikwa na nyasi, magimbi na mizizi ya migomba. Fikiri sasa mnyama mwenye uzito wa kilo 7, ambaye usiku anachimba tundu katika ukingo huo na kula mizizi inayoushika. Tundu kwanza ni dogo. Maji hupita, hupanua. Mvua za masika zikija, ukingo hukatika. Yule aliye chini hukosa maji, na yule aliye karibu na ukingo hupata maji asiyoyataka, tena shambani mwake. Usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini ufa huu hauonekani, maana uko chini ya nyasi na chini ya maji. Katika nchi ya Italia, tambarare za mto Po, wakulima wanayajua mambo hayo, kwa kuwa koipu huko hutoboa kingo za mifereji ya kumwagilia. Mwaka 2016 Umoja wa Ulaya ulimtia koipu katika orodha ya wanyama na mimea ya kigeni ambayo haifai kufugwa, kuuzwa wala kuachiwa.

Tena kuna baridi. Uingereza walisaidiwa na baridi kali iliyoua koipu wengi. Chini ya misitu ya Meru maji hayagandi. Chakula kiko kijani mwaka mzima. Hatungekuwa na msaidizi huyo.

Na maji yetu hayakomei kwetu. Mito ya Meru huingia mto Kikuletwa. Kikuletwa huingia bwawa la Nyumba ya Mungu. Kutoka hapo maji huenda kwa jina la mto Pangani mpaka Bahari ya Hindi. Njiani pako mashamba ya mpunga, vijiji vya wavuvi na mitambo ya umeme. Mtu mmoja wa Tengeru akiacha mlango wa banda wazi, hasara yaweza kumfikia mtu wa Korogwe asiyemjua hata jina.

Jambo la mwisho ni afya. Wanyama wagugunaji, koipu akiwa mmoja wao, waweza kubeba vijidudu vya ugonjwa ambao nchini kwetu huitwa homa ya mgunda. Vijidudu hivyo hutoka kwa mkojo wa mnyama, huingia katika maji au tope, kisha humwingia mtu kwa njia ya kidonda, macho au kinywa. Mwezi Julai mwaka 2022 ugonjwa huo ulitokea mkoani Lindi, na watu 3 walikufa. Huko hawakuhusika koipu. Nautaja ili mkumbuke kwamba katika mfereji tunaochota maji na kuoga, mkojo wa mnyama si jambo dogo.

USIMWUE ASIYE NA HATIA

Sitaki mtu akitoka katika somo hili achukue rungu na kumpiga kila mnyama mwenye manyoya aliye karibu na maji. Tunao wanyama wetu wenyewe wanaofanana naye kwa mbali.

Wa kwanza ni ndezi. Ndezi hukaa katika nyasi ndefu na miwa, karibu na maji, na huharibu mahindi. Ni mnyama wa Afrika. Manyoya yake ni magumu kama miiba midogo, na vidole vyake havikuunganishwa kwa ngozi. Angalieni, ndezi naye ana meno ya rangi ya machungwa. Kwa hiyo meno peke yake si ushahidi.

Wa pili ni panya buku. Ana masikio makubwa, mkia mrefu ulio mweupe sehemu ya mwisho, na mifuko mashavuni ya kuchukulia chakula. Huyu ndiye aliyefundishwa huko Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kunusa mabomu ya ardhini na ugonjwa wa kifua kikuu. Si adui wa kudharauliwa.

Wa tatu ni fisi maji. Huyu si mgugunaji hata kidogo. Hula kaa, samaki na vyura. Mkia wake ni mnene mahali ulipoanzia na huchongoka kwenda mwisho. Fisi maji akionekana mtoni, mara nyingi ni dalili kwamba mto bado una uhai.

Koipu mtamtambua kwa kuunganisha alama: mwili wa kilo 5 na zaidi, ndevu nyeupe, mkia wa mviringo wenye nywele chache, na miguu ya nyuma kama ya bata.

MASWALI MATANO YA KUMWULIZA MLETA MNYAMA

Sasa turudi kwa yule mtu aliyekuja na habari za kufuga. Msimfukuze kwa matusi. Wala msiseme kwamba kila cha kigeni ni kibaya, maana mahindi tunayokula yalitoka Amerika, na mihogo, na maharage. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini mahindi hayatoroki shambani usiku yakaenda kujipanda mtoni. Yanahitaji mkono wa mkulima kila mwaka. Basi mwulizeni maswali matano.

La kwanza: Mnyama huyu akitoka bandani, aweza kuishi mwenyewe bila kulishwa na mtu? Simbilisi na sungura wa kufugwa wakitoroka, mbwa na vicheche huwamaliza upesi. Koipu huingia majini akapata nyumba na chakula.

La pili: Huzaa kwa kadiri gani? Mkumbuke ile hesabu ya 72.

La tatu: Anakula nini, na chakula hicho ni cha nani? Kama ni mizizi inayoshika ukingo wa mfereji wa kijiji, basi analishwa kwa mali ya watu wote ili apate faida mtu mmoja.

La nne: Bei ikianguka, mtafanya nini na walio bandani? Swali hili ndilo watu wengi husahau kuuliza. Uingereza mashamba yalifungwa na wanyama wakabaki. Louisiana soko lilianguka na wanyama wakabaki. Mfugaji aliyepata hasara hana fedha za kununua seng'enge mpya.

La tano: Kibali kiko wapi? Wanyama wa pori nchini huhifadhiwa kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, na kuingiza mnyama hai kutoka nchi nyingine huhitaji kibali cha serikali. Mtu asiye na karatasi hiyo, hata akiwa jamaa yako, mwambie asubiri mpaka aipate.

Na mkiona mnyama msiyemjua kando ya maji, au matundu mapya ya ajabu katika kingo, msimshike kwa mikono, kwa kuwa meno yake hukata. Andikeni mahali na siku, pigeni picha kama mna simu, kisha mpelekeeni habari mtendaji wa kijiji au ofisa wa wanyamapori wa wilaya. Sisi wa Arusha tuna bahati, maana Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania ina makao yake makuu hapa hapa Arusha. Na mambo ya mfereji wenyewe yapelekeni kwa kamati yenu ya maji upesi, kabla ya masika.

Anayetaka kufuga mnyama mdogo kwa kitoweo na fedha asikate tamaa. Sungura wapo, simbilisi wapo, kuku wapo. Mwendeeni afisa mifugo wa kata yenu, atawafundisha mabanda na chakula chao.

Somo letu linaishia hapa. Nawatakia mazungumzo mema. Kwa herini.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini mnyama alaye mizizi huharibu kingo za mfereji kuliko mnyama alaye majani tu?

2. Rudieni hesabu ya uzazi wa koipu, lakini safari hii fanyeni mpaka mwisho wa mwaka wa tatu. Mmepata wangapi? Mwanakikundi mmoja aieleze hesabu ubaoni.

3. Taja wageni wengine, wawe mimea au wanyama, walioingia katika mashamba, mito au maziwa yetu. Yupi ameleta faida? Yupi ameleta hasara? Aliletwa na nani, na kwa nini?

4. Nendeni pamoja mtazame mfereji wenu tangu kinywani mpaka mwisho. Ni nini kinachoshika ukingo wake mahali penu? Pana sehemu ambapo nyasi au magimbi yameng'olewa? Mkubaliane nani atayapanda tena, na siku gani.

5. Kijana mmoja kijijini kwenu anataka kufuga mnyama wa kigeni, na tayari amekopa fedha. Mtamwambiaje ili asione kwamba mnamwonea wivu?